Ekari Themanini

Vibao nimevipigilia mwenyewe, kila miti ishirini,
rangi ya machungwa, maandishi meusi: USIINGIE.
Kimoja kina matundu matatu ya risasi
kwenye herufi ya kwanza,
kama mtu aliyejibu barua.

Huku kaskazini mwa Michigan Novemba haipigi hodi.
Theluji hukesha ikiandika,
nami asubuhi huisoma:
hapa sungura, hapa mbweha na haraka zake,
hapa buti, namba kumi na mbili au zaidi,
kisigino cha kushoto kimelika upande.
Zinaanzia pale seng'enge ilipolala,
zinafuata kijito, hazisitisiti,
zinaijua njia kuliko mtoza kodi.
Kisha damu. Kisha matumbo, bado yanafuka mvuke,
na kunguru wameshaitisha kikao.

Nilimpigia afisa Beaudry. Yuko peke yake,
kaunti mbili, gari moja.
"Bi Lempi, usimkaribie mtu mwenye bunduki.
Andika namba za gari. Andika saa. Rudi ndani."
Reino angefyatua moja hewani,
kisha angetukana kwa Kifini,
matusi marefu kama treni ya magogo.
Lakini Reino yuko kaburini mwaka wa tatu,
na mimi nina kalamu.

Usiku wa nne nikaiona kurunzi
ikilamba mashina ya mitufaha,
mwanga ule unaomfanya kulungu asimame
akidhani jua limekosea saa.
Mlio mmoja.
Mbwa wangu akaingia chini ya meza;
huyo ndiye mlinzi ninayemlisha.

Nikavaa. Bunduki niliiacha ukutani.
Nilichukua kalamu na bahasha ya bili ya umeme.
Pikapu ilikuwa njiani, taa zimezimwa, injini inanguruma.
Namba nikaziandika moja moja,
wino ukigoma kwa baridi,
nikiipasha kalamu moto mdomoni.
Ndipo akatoka kwenye miti
akimburuta kulungu jike kwa miguu ya nyuma,
kijana, mwembamba ndani ya koti pana.
Mtoto wa Tervo, yule ambaye baba yake
aliachishwa kazi mgodi ulipofungwa.

"Ua lilikuwa limeanguka," akasema,
kana kwamba ua likianguka hukuita kwa jina.

Jibu nilikuwa nalo. Nimelifanyia mazoezi jikoni
miaka mitatu, nikiwaambia vikombe.
Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kiwiko cha koti:
kiraka cha kijani, uzi mwekundu,
mshono wangu, umepinda pale nilipocheka
kwa sababu Reino alikataa kulivua
nikalishona likiwa mwilini mwake.
Nililipeleka kanisani mwenyewe, kwenye sanduku la misaada,
nikaliweka, nikageuza uso.

Kulungu alikuwa kati yetu,
jicho moja wazi, likikusanya theluji.
"Mama bado anaumwa?"
"Bado."
Akampakia. Akaondoka bila kuwasha taa.

Kulipopambazuka nikampigia Beaudry, nikamsomea namba.
Zote. Sikumeza hata moja.
Nikiachia kona leo, kesho watanipimia kitanda.
Akashukuru. Akauliza kama kuna lingine.
"Mkimkamata," nikasema, "lile koti..."
"Koti gani?"
Waya ukavuma, maili arobaini za misonobari.
"Kuna baridi," nikasema. "Mwacheni nalo."

Mchana nilikwenda na koleo kuinua seng'enge.
Niliinua upande mmoja.
Vidole vilikuwa vimekufa ganzi.